Simu inasema nyuzi 31 kote: kwa nini Chang'ombe kuna joto kuliko Area D?

Swali la msomaji: Mimi ni mpangaji Chang'ombe, hapa Dodoma. Tuna chumba na sebule, bati halina dari. Mchana nafanya kazi za ndani Area D, mtaa mwingine wa hapa hapa mjini. Nikiwa kazini navumilia, lakini nikirudi nyumbani jioni naona nimeingia kwenye tanuri, na usiku mtoto wangu wa miezi minne halali. Mama yangu mzee anayemeza dawa za presha anashinda humo mchana kutwa. Mume wangu anasema ni uchovu wangu tu, maana simu inaonyesha nyuzi 31 huku na kule. Je, ni kweli kwetu kuna joto zaidi? Na mpangaji afanye nini?

Jibu:

Dada, hujakosea. Kwenu kuna joto zaidi. Simu ya mume wako nayo haijadanganya, ila inajibu swali ambalo hukuliuliza. Nitalieleza taratibu kidogo, kwa sababu nalisikia mara kwa mara, hata kwa watu wa ofisini ambao kazi yao ni kulijua.

Kipimo rasmi cha joto huchukuliwa kwa utaratibu mmoja dunia nzima. Kipimajoto hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi, mahali pa wazi ambapo upepo haukatizwi na jengo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina sababu nzuri ya kupima hivyo: bila utaratibu huo huwezi kulinganisha Dodoma na Tabora, wala Novemba ya mwaka huu na Novemba ya 1980. Lakini angalia masharti yenyewe. Kivuli, majani, upepo. Ndivyo vitu vilivyokosekana kwenye uchochoro wenu. Na simu haipimi hewa ya hapo ulipo. Inachukua makadirio ya eneo la kilomita kadhaa na kuwapa wote walio ndani yake namba moja, aliye bustanini na aliye chini ya bati.

Tena namba ile ni joto la hewa peke yake, na mwili hupokea joto pia kutoka kwenye vitu vya moto vilivyouzunguka, hata bila kuvigusa. Kwenye chumba chako kitu hicho ni paa. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kila mwaka, karibu na wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, kisha hurudi kupita tena mwanzoni mwa Machi, na kati ya tarehe hizo haliendi mbali. Ndiyo maana Oktoba, Novemba na mwanzo wa Desemba, kabla mvua hazijakaza, ni miezi migumu kwetu: jua liko juu ya paa, mawingu ni machache, miti mingi ya porini imepukutisha majani, udongo umekauka. Ukuta hupata jua la asubuhi na la jioni. Paa hulipokea la mchana lote. Bati lililoshika kutu linaweza kupita nyuzi 60 siku kama hizo, na likishafika hapo linashusha joto moja kwa moja kichwani kwa aliyeketi ndani. Nyumba unayofanyia kazi huenda nayo imeezekwa bati. Tofauti kubwa ni dari. Kati ya bati na dari pana nafasi ya hewa, na inayopigwa na joto la bati ni siling bodi badala ya utosi wa mtu.

Watu wengi hudhani tatizo ni wembamba wa bati, wakajinyima ili wanunue geji 28, iliyo nene zaidi, badala ya 30. Unene husaidia bati lisipinde na lidumu. Kwa joto haubadilishi kitu cha maana. Rangi ndiyo inayobadilisha. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua, kisha kutu na vumbi huiondoa sifa hiyo mwaka hadi mwaka. Na zile bati za msauzi zinazotoka kiwandani na rangi, ya mkaa au damu ya mzee, zinazopendwa kwenye viwanja vipya, hunywa jua kuliko bati jeupe. Mwenye dari na feni anaweza kuumudu urembo huo. Asiye na dari asiutamani.

Wagogo, wenyeji wa Dodoma, waliijenga nyumba yao ya tembe kwa nchi hii hii: paa bapa la miti na fito, juu yake udongo mnene, kuta nene, matundu madogo. Joto la saa nane mchana lilihitaji saa nyingi kupenya udongo ule, na lilipofika ndani ilikuwa usiku, nje kumeshapoa. Tembe ilikuwa na taabu zake. Ilivuja, ilikuwa na giza na moshi, ilitaka miti mingi, na simlaumu hata mmoja aliyeiacha. Ninachosikitikia ni kwamba katika kuiacha wengi walipata nusu tu ya nyumba ya kisasa. Walipata paa la bati, dari haikufika. Mwenye pesa aliiongeza baadaye. Asiye nazo yuko kwenye chumba chenye joto kuliko alimozaliwa bibi yake, na majirani wanahesabu kuwa ameendelea.

Nije kwenye usiku, maana hapo ndipo mtoto wako anapoteseka. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Nchi ya namna hii hupoa haraka jua likizama, na bati nalo hupoa upesi. Ukuta ndio mgumu. Tofali, ziwe za kuchoma au za saruji, zimelishwa joto tangu asubuhi na hulirudisha polepole mpaka usiku wa manane. Dirisha likiwa wazi, ubaridi wa nje ungeingia ukaliondoa joto hilo. Kwenu halifunguliwi: kuna wezi, kuna mbu, na pengine linatazamana na dirisha la jirani hatua mbili tu. Nyumba ya Area D ina nondo, wavu, ukuta na geti, kwa hiyo dirisha hulala wazi. Mwili hutegemea usiku ili upumue baada ya joto la mchana, na usipopumua, siku inayofuata unaianza ukiwa tayari umechoka. Kwa hiyo mume wako hajakosea kabisa anapotaja uchovu. Amegeuza tu sababu na matokeo.

Kuna jambo la Dodoma ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui kwa miili yao. Kule hewa imejaa unyevu, jasho linabaki mwilini. Huku ukimwaga maji barazani yanakauka mbele ya macho yako, na maji yanapokauka huondoka na joto. Ndivyo mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Maana yake ni kwamba Dodoma mwenye maji ana kiyoyozi. Bustani inayomwagiliwa hupoza nyumba iliyo katikati yake. Katika miji mingi ya nchi kavu, vitongoji vyenye bustani huwa na ubaridi mchana kuliko hata nyika inayouzunguka mji, na mitaa mikavu, isiyo na mti wala bomba, ndiyo inayoungua. Sisi tunapata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine yote kijani cha mjini hutegemea bomba. Anayefungua bomba la ndani ili aoge na kumwagilia, na anayenunua maji kwa dumu la lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, hawaishi kwenye hali ya hewa moja, hata kama nyumba zao zimetengana kwa dakika chache za bajaji.

Jua halichagui mtaa. Waliogawa ardhi ndio waliochagua. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji wa kikoloni ukapangwa kwa rangi za watu: Uzunguni viwanja vikubwa vyenye miti, Uhindini maduka, Waafrika wakabanwa pembeni. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ramani ya kwanza, iliyokamilika 1976 kwa mikono ya wapangaji miji kutoka Kanada, iliota mji wa bustani, wenye mikanda ya kijani na njia za waenda kwa miguu. Ilikuwa ndoto nzuri na bado naiheshimu. Lakini viwanja viligawanywa kwa ujazo, vikubwa kwa wenye uwezo na vidogo kwa wasio nao, na wale ambao hawakupata hata vidogo walijenga walipoweza. Chang'ombe ilikua hivyo. Mahali ambapo hapajapimwa, kila hatua ya ardhi ni chumba cha kupangisha na mti ni hasara. Zaidi ya hapo, mtu anayengoja tingatinga la kumbomolea hapandi mwarobaini. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyosimamia ugawaji huo wa viwanja, ilivunjwa 2017, ila mitaa iliyokwisha kubanana haikunyooka kwa sababu hiyo. Serikali ikahamia, kuanzia 2016, na watu wakafuata: jiji lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012, likawa na 765,179 katika ile ya 2022. Kati ya waliofuata wamo wapangaji kama wewe, ambao hawana kauli juu ya paa wanalolala chini yake.

Hili si la Dodoma peke yake. Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia miji 108. Huko, miaka ya 1930, ramani za mikopo ya nyumba zilipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi na ya maskini ili isikopeshwe. Karibu karne nzima baadaye, ardhi na mapaa ya mitaa ile yalikuwa na joto zaidi kuliko mitaa mingine, kwa wastani wa nyuzi 2.6, na kwenye baadhi ya miji tofauti ilifika nyuzi 7. Aliyechora mstari amekufa zamani, na mstari wake bado unawatoa watu jasho. Karibu nasi zaidi, Nairobi, vipimajoto vilivyofungwa kwenye mitaa ya mabanda ya Kibera, Mathare na Mukuru vilisoma joto kubwa kuliko kituo rasmi cha hali ya hewa cha Dagoretti. Sababu ni zile zile unazozijua: bati, msongamano, miti haba.

Sasa tuanze na mama yako, umfikishie shikamoo yangu. Yeye ndiye aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote nyumbani. Kiu hupungua uzeeni, kwa hiyo asingoje kuisikia. Awe na chupa yake na anywe kidogo kidogo. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na dawa kadhaa za magonjwa ya akili hupunguza jasho. Asiache dawa hata siku moja, ila kwenye kliniki yake ijayo mwulizeni daktari kuhusu miezi ya joto na kiasi cha maji kinachomfaa, hasa akiwa na shida ya moyo au figo. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi asikae chini ya lile bati. Kivuli cha mti au upenu wa jirani, hata wenye vumbi, kina nafuu kuliko ndani. Alowanishe kanga, aikamue, ajitande mabegani. Kwa hewa yetu kavu hiyo ni nafuu kubwa, na ikikauka ailowanishe tena. Feni ya wati 50 ikiwaka kwa muda wa saa kumi kila siku hula nusu uniti ya umeme, kama uniti 15 kwa mwezi, hivyo feni peke yake haikutoi kwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Lakini chumba kikipita nyuzi 40, feni bila kanga mbichi itamkausha tu.

Mtoto wa miezi minne asipewe maji, hata joto likoje. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe maji. Mpunguzie nguo, usimfunike uso kwa kitenge kizito ukimbeba juani. Akikojoa mara chache kuliko kawaida, mdomo ukakauka au utosi ukabonyea, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jambo moja nataka mume wako pia alisome. Mtu akiwa mwili moto sana, akaanza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka au kuzimia baada ya kukaa kwenye joto, huenda ni kiharusi cha joto, na joto la ndani ya mwili limefika nyuzi 40 au zaidi. Kwetu kila homa hudhaniwa malaria, mtu akapewa panadol akalazwa chumbani. Panadol haishushi joto la namna hii, na chumbani ndiko alikougulia. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Msimnyweshe kitu kama hajitambui. Wanaopasua kokoto, saidia fundi na bodaboda wanaoshinda juani wako kwenye hatari hii hii, wakiwa vijana wenye nguvu zao.

Kuhusu nyumba: ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, weka nondo na wavu dirishani ili lilale wazi. Hakuna shilingi itakayokurudishia usingizi zaidi ya hiyo. Mchana fanya kinyume: funga dirisha na pazia upande unaopigwa na jua, fungua jua likishazama. Pikia nje, mkaa ndani ya nyumba ni joto na sumu.

Kitu cha pili ni rangi nyeupe juu ya bati. Ahmedabad, India, baada ya wimbi la joto la Mei 2010 lililokuja na vifo 1,344 zaidi ya kawaida, jiji liliandaa mpango wa joto mwaka 2013, na baadaye mapaa ya makazi ya maskini yakaanza kupakwa chokaa. Chokaa huoshwa na mvua, kwa hiyo ipakwe kila mwaka mwishoni mwa Septemba, na kama mnakinga maji ya mvua, acheni mvua za kwanza zipite bila kukinga. Rangi nyeupe ya mapaa ni ghali zaidi lakini hudumu miaka. Dari ya siling bodi ni bora kuliko vyote. Ikishindikana, viroba safi vilivyoshonwa pamoja na kufungwa chini ya bati, kwa kuacha nafasi ya shubiri moja, hukata sehemu ya joto la paa. Viwe mbali kabisa na nyaya za umeme, mshumaa na jiko. Nimeona watu wakibana maboksi juu ya taa, hapana.

Ugumu ni kwamba nyumba si yako. Mwendee mwenye nyumba ukiwa na hesabu mkononi: bei ya chokaa, wavu na nondo, na pendekeza uvinunue wewe mkatane kwenye kodi. Mwandikishane, hata kwenye daftari la shule, wote mtie sahihi. Mwenye nyumba mwenye vyumba sita vya kupangisha ana faida ya kuwa na wapangaji wasiohama kila Novemba.

Kuna mambo ambayo hakuna mpangaji wala mwenye nyumba atakayeyamaliza peke yake, na hapo nakuomba usinyamaze. Nunueni kipimajoto cha ukutani, wewe na majirani wachache. Kitundikeni ndani usawa wa kifua, mbali na jua, muandike saa nane mchana, saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri kwa wiki mbili za Novemba. Bosi wako akikubali, afanye vivyo hivyo saa hizo hizo. Karatasi hiyo ipelekeni mkutano wa mtaa. Dodoma ina Mpango Kabambe, yaani mpango mkuu wa jiji, wa 2019 hadi 2039, na mitaa iliyojengwa bila kupimwa inaendelea kurasimishwa, yaani kupimwa na kupewa hati. Urasimishaji ukipita na kuacha barabara peke yake, bila kipande cha wazi cha kupanda miti, nafasi hiyo haitapatikana tena. Ombeni kivuli kwenye kioski cha maji, kituo cha daladala na gulio, na dari kwenye madarasa ya shule ya mtaa, ambako watoto hukaa chini ya bati saa zile zile mbaya. Napenda miti inayopandwa kwenye barabara kuu na Mji wa Serikali kule Mtumba, napenda mji wa kijani. Ila mti unaopandwa mahali ambapo watu hupita ndani ya magari yenye kiyoyozi hauwezi kupata maji kabla ya ule wa Chang'ombe, na viongozi wanapaswa kuambiwa hivyo kwa sauti.

Na mkipata mche, chimbeni shimo Novemba, mpande mvua zikishalowanisha ardhi vizuri. Mwarobaini huvumilia ukame wetu na hushika majani wakati mwingi. Upandwe mbali na shimo la choo, magharibi mwa nyumba, ambako jua la saa kumi hupiga ukuta. Uzungushieni miiba, maana mbuzi watauona kabla ya kiongozi yeyote. Kiangazi cha kwanza na cha pili umwagilieni kwa maji ya kuoshea vyombo, kupitia chupa iliyotobolewa na kuchomekwa karibu na shina, ili maji yashuke kwenye mizizi na yasikaukie juu ya vumbi.